Mvua ya Mwaka Ilinikuta na Msingi Wazi

Nyumba yetu iko Miritini, mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Ina vyumba vitatu vya kulala, ukumbi, jiko, na baraza ya mbele ambayo mume wangu aliitaka kuliko kitu kingine chochote. Tumeijenga kwa mshahara wangu wa ualimu, zamu zake za bandarini na mikopo miwili ya sacco, tangu Aprili 2023 hadi Desemba 2024. Walimu wenzangu wakija kuniuliza habari za kujenga, huanza na bei ya simiti. Mimi huwauliza kwanza: mwaanza mwezi gani?

Mwalimu ana likizo tatu kwa mwaka: ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Nilipokuwa napanga, niliziona likizo hizo kama riziki iliyoletwa mlangoni. Ningekaa kwenye mjengo mwenyewe, nihesabu karai za mchanga kwa macho yangu, nisiibiwe hata msumari. Nisichokitazama ni kwamba likizo mbili kati ya hizo tatu zimekaa ndani ya mvua. Aprili ni mvua ya mwaka, ile ambayo wengine huiita masika. Novemba ni vuli. Ya Agosti peke yake ndiyo iliyoepuka, nayo ndiyo fupi.

Mwaka 2023 Ramadhani iliisha mwishoni mwa Aprili, na Idd ikaangukia siku zile zile shule zilipofungwa. Fundi wangu na wengi wa vijana wake ni Waislamu. Walikuwa wameniambia mapema kwamba kazi ya kuchimba, na joto lile, na saumu, wataianza baada ya sikukuu. Kwa hesabu yangu mambo yote yalikuwa yamelingana: likizo imefika, mafundi wapo, mkopo umeingia. Jumatatu ya 24 Aprili tukapiga kamba, tukaanza kuchimba.

Jioni ile nilimpitia bibi yangu Kuze, Mji wa Kale, nimpe habari njema. Marehemu babu alikuwa mvuvi, na bibi ameishi maisha yake yote na upepo ndani ya nyumba, maana upepo ndio uliokuwa ukiamua kama kuna kitoweo au hakuna. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wenye vyombo ndo kwanza wavivuta pwani, nawe ndo wafungua msingi?"

Nikajua ni mvua anayoisema. Nikamwambia bibi, siku hizi kuna pampu, kuna polithini. Akanyamaza. Nami nikauchukua ule unyamavu wake kuwa ni kukubali.

Hapa sina budi kueleza kidogo kuhusu udongo, kwa sababu mvua moja haifanyi kazi moja Mombasa nzima. Kisiwani, Nyali na Bamburi ukichimba futi chache unakutana na mwamba wa matumbawe, au mchanga unaoyameza maji kabla hujamaliza kukunja mwavuli. Huku kwetu magharibi, kuanzia Changamwe, Mikindani na Jomvu mpaka Miritini, chini kuna jiwe la tabaka tabaka linalomeguka mkononi, na juu yake umekaa udongo wa kunata. Udongo huu ukinywa maji hufura. Ukikauka husinyaa na kuacha nyufa unazoweza kutia mkono. Mtu wa Bamburi akikwambia alichimba msingi wake mwezi wa Mei na hakuona shida, anasema kweli, ila udongo wake si wako.

Mvua ilianza usiku wa siku ya nne. Asubuhi nilikuta mtaro wa futi nne umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ubavu wake wa kusini umelala ndani kama boflo lililolowa. Simiti tulikuwa tumeipanga juu ya mbao, mifuko 40, tukaifunika turubai. Lakini turubai ilikuwa imebonyea katikati, ikashika dimbwi, na dimbwi likapata tundu. Nilikibonyeza kidole kwenye mfuko wa juu. Karatasi ilikuwa na ule unyevu wa uvuguvugu, kama shavu la mtoto mwenye homa. Simiti ikishaanza kunywa maji hutoa joto, na hilo joto ndilo nililoligusa. Baada ya siku mbili mifuko 11 ilikuwa mawe ya kilo hamsini hamsini. Mmoja wao bado uko hapa, ni ngazi ya kupandia bandani.

Nikamwambia fundi avute maji kwa pampu, jioni tumwage zege. Fundi ni mtu mzima, amejenga tangu kabla mimi sijaanza shule. Hakubishana nami. Alivua viatu, akashuka mtaroni, akakanyaga pale maji yalipokuwa yamepungua. Mguu ulizama hadi kwenye kifundo. Akauchomoa, akauinua nione tope lilivyoshika.

"Mwalimu," akasema, "leo hatumwagi, na kesho hatumwagi. Tukimwaga hapa, nyumba itakuwa imekaa juu ya uji."

Nililia siku ile, na siifichi. Mkopo ulikuwa umeshaanza kukatwa kwenye mshahara, na kile nilichokuwa nacho ni shimo. Lakini fundi yule aliniokoa. Angekuwa ni mtu wa kutaka pesa yake ya wiki tu, angemwaga. Zege lingeganda vizuri, macho yangeona msingi mzima, na kiangazi cha kwanza tope lile chini likasinyaa na kuiacha nyumba ikining'inia.

Tukafunga kazi. Mei nzima na Juni mtaro ulikaa pale ukizomea.

Miezi ile miwili ndiyo iliyonifundisha. Kila Ijumaa jioni nilikwenda kwa bibi na daftari, kama mwanafunzi, nikamwuliza upepo mmoja mmoja. Majina mengine nilikuwa nayajua tangu utotoni bila kujua yanafanya kazi gani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, kutoka kaskazini mashariki, na huja na kiangazi: jua kali, mvua chache. Halafu kuna maleleji, siku ambazo upepo hauna uamuzi, unageuka geuka. Kisha kusi hushika, kutoka kusini mashariki, na katika kuingia kwake ndiyo huleta mvua ya mwaka, ambayo kilele chake huwa Mei. Juni na Julai kusi hukaza, bahari huchafuka, hewa hupoa, ndicho kipupwe. Kisha kusi hulegea polepole, huja demani, bahari hutulia, na mwishoni matlai huanza kuvuma asubuhi kutoka mashariki. Kisha vuli, na mzunguko unarudi. Babu alikuwa akihesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa watu wa bahari, akajua leo ni siku ya ngapi na bahari itampa nini. Mimi nina shahada, na kalenda niliyokuwa naijua ni ya mihula.

Nikalipanga daftari upya. Nikaandika kazi za nyumba upande mmoja na pepo upande wa pili, na kuziunganisha kwa mistari. Kazi ya udongo iende mwisho wa kusi. Paa liwahi kaskazi. Kazi ya ndani ndiyo iachiwe mvua. Likizo zangu nikazitoa kabisa kwenye hesabu. Kama kazi itaangukia siku za shule, basi nitakwenda kwenye mjengo saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kengele, na saa kumi na moja jioni baada yake. Ndivyo nilivyofanya kwa mwaka mmoja na nusu. Kuibiwa niliibiwa kidogo, lakini hakikufika thamani ya mifuko ile 11.

Mwisho wa Julai tuliufungua mtaro tena. Ilibidi kuchimba futi moja na nusu zaidi, kuondoa udongo wote uliolainika mpaka tufike kwenye lile jiwe la tabaka. Na safari hii fundi alikuwa na sharti moja: mtaro unachimbwa kipande kwa kipande, na kila kipande kikifika chini kinafunikwa siku hiyo hiyo kwa zege jembamba, inchi mbili, la kuulinda udongo usinyeshewe wala usikauke. Julai kuna vimvua vya mchoo, vya kuja na kuondoka. Vilikuja mara tatu. Kila mara maji yalikaa juu ya zege lile, yakafagiliwa, kazi ikaendelea.

Agosti ndio mwezi ninaoupenda kwa zege, nami nitausifu mbele ya yeyote. Wengi wetu tunaamini zege linakauka, kama nguo kwenye kamba, kwa hiyo jua likiwa kali ni bora zaidi. Siyo. Simiti huganda kwa kunywa maji. Kila chembe inahitaji maji ili ishikane na mwenzake, na kazi hiyo huendelea siku nyingi baada ya sisi kuona kwamba limekuwa gumu. Ndiyo maana hupimwa nguvu yake siku ya 28. Jua na upepo vikiyanyakua maji siku za mwanzo, zege linabaki na kiu na linapasuka. Siku saba ndizo za chini kabisa za kulimwagilia. Katika Agosti ya Mombasa jua linakuwa la upole, mawingu yanapita, usiku kuna baridi kidogo. Nilikuwa likizoni siku hizo, nikalimwagilia msingi mwenyewe asubuhi, mchana na jioni, siku kumi. Sikuona ufa hata mmoja.

Maji yenyewe yalikuwa kisa kingine. Jirani ana kisima, akatuambia tuchote tutakavyo. Niliyaonja, yana chumvi. Fundi alikubali tuoshee makarai na miiko, lakini kwenye zege lenye vyuma akakataa kata kata. Chumvi ikishaingia, chuma kinapata kutu ndani kwa ndani, kutu inafura, na zege linabanduka kwa vipande. Ukipita kwenye nyumba za ghorofa za zamani zilizo karibu na bahari utaona dari zimemeguka na vyuma vyekundu vinaning'inia kama mbavu. Kwa hiyo tulinunua maji ya gari. Hapo ndipo nilipoona utata wa pwani yetu: kiangazi kina ukavu lakini hakina maji, mabomba yanakauka na mtungi unapanda bei, mvua ya mwaka ina maji lakini haina ukavu. Agosti inakupa vyote viwili kwa kiasi.

Kabla ya kumwaga sakafu tulipiga dawa ya mchwa. Hilo nalo lina siku yake, dawa ikinyeshewa kabla ya kufunikwa inaondoka na maji, nawe umelipa bure.

Septemba na Oktoba kuta zilipanda. Mawe tulileta kutoka timbo moja la Vipingo, yale meupe ya matumbawe yanayokatwa kwa msumeno. Nitasema jambo moja tu juu yake. Jiwe hilo ni laini na linakunywa maji kama kaimati inavyokunywa shira. Ukilipanga likiwa kavu kabisa linanyonya maji ya udongo wa simiti na kiungo kinabaki unga. Kwa hiyo lilowanishwe kwanza. Na likiachwa kwenye rundo mvua nzima, linakuwa zito na baadaye linachelewa kukauka ukutani. Tuliyanunua kwa mafungu, lori kwa lori, kadiri ya kazi ya wiki mbili.

Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ya 2023 itakuwa na El Niño. Sisi tunaokumbuka ya 1997 hatukuhitaji kuambiwa mara mbili. Oktoba mwishoni nilisimamisha kazi kuta zikiwa zimefika kwenye vizingiti vya madirisha. Tulifunika vichwa vya kuta kwa polithini, tukakandamiza kwa mawe, tukaweka simiti yote iliyobaki katika chumba cha jirani. Mifuko sita tu. Nilikuwa nimejifunza kutonunua zaidi ya ninachoweza kutumia kabla ya Ijumaa.

Novemba mvua ikaja, na ilikuja kweli. Mombasa nzima iliogelea. Shule zilikuwa zimefungwa, nikawa sina la kufanya. Asubuhi moja nilivaa magamubuti nikaenda kusimama katikati ya ploti yangu huku inanyesha.

Naomba nieleze asubuhi ile vizuri, kwa kuwa hakuna mhandisi aliyewahi kunionyesha kilichonionyesha mvua. Ploti kwa macho ya kiangazi ni tambarare. Ningeweza kula kiapo. Lakini maji yalikuwa yanaingia kutoka pembe ya kaskazini magharibi, kwenye mpaka wa jirani, upana wa mkeka. Yanapita mbele ya pale nilipopanga jiko, yanagawanyika mara mbili kwenye rundo la kokoto, na mkono mmoja unaelekea moja kwa moja kwenye sehemu niliyokuwa nimemwonyesha fundi kuwa tutachimba shimo la choo. Nilichukua vijiti vya mti wa mwarobaini, nikavichomeka kando ya maji kila hatua mbili. Nilikaa karibu saa nzima. Mvua ilipokata na maji yakaondoka, vijiti vilibaki vimesimama mstari uliopinda kama nyoka, ndiyo ramani.

Kwa vijiti vile tulihamisha shimo la choo. Tukachimba mfereji kwenye mpaka wa juu, tukautandaza mawe mabovu, ukayapokea maji kabla hayajaingia. Sakafu ya nyumba ilikuwa imeshamwagwa, ikiwa juu ya ardhi futi moja na nusu, nikashukuru kwamba fundi alinishinda nilipotaka kuipunguza ili kuokoa mawe. Ukinunua ploti kiangazi, rudi uitazame mvua ikinyesha kabla hujaweka jiwe. Mwulize jirani maji huenda wapi. Kama umeweza kusubiri vuli moja, subiri.

Januari 2024 kaskazi ilishika na tukafunga ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, kisha paa. Paa lazima likae kabla ya mvua ya mwaka, na ukiwa na mabati hutaki kusi liwe limeanza. Mwezi wa Juni niliona kwa jirani kusi likinyanyua bati moja ambalo halijapigiliwa upande wa pili, likaruka mpaka ng'ambo ya barabara. Kiangazi kina shida yake pia. Saa sita mchana bati haliguswi. Vijana walianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, wakashuka saa tano, wakalala chini ya mwembe, wakapanda tena saa tisa na nusu. Walikalia magunia yaliyoloweshwa, na hata hivyo yule mdogo wao alishuka siku moja na viganja vimechubuka. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya na kumlipa siku zake nne. Sitamani kusikia mahali popote kwamba kijana ameumia kazini akaachwa bila malipo.

Kosa la kaskazi tulilifanya kwenye plasta. Ukuta wa nje wa magharibi ulipigwa Februari, saa nane mchana, jua likiwa linaukabili. Kufika alasiri ulikuwa umeota nyufa nyembamba zinazokutana kutana, kama ganda la yai lililogongwa. Upepo ule mkavu ulikuwa umeyanyonya maji kabla simiti haijayanywa. Tuliubandua na kuurudia. Baada ya hapo plasta ya nje ilifuata kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, alasiri ukuta wa mashariki, ukuta unaloweshwa kwanza, na ukishapigwa unafunikwa magunia ya maji. Kijana wangu wa kidato cha pili alikabidhiwa magunia yale. Akinuka simiti hadi darasani.

Mpangilio wenyewe wa nyumba nilikuwa nimeuamua katika Ijumaa zile kwa bibi. Kaskazi na kusi, ingawa zinapishana, zote zinakuja kutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo upande wa magharibi ndio unaoachwa nyuma na upepo mwaka mzima. Jiko na choo vikawekwa huko, moshi na harufu visipite vyumbani. Magharibi ndiko pia linakokaa jua la alasiri, na stoo haina malalamiko. Madirisha makubwa yanatazama kaskazini na kusini. Jua letu hupita utosini Machi na tena Oktoba. Katikati ya mwaka linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na kwa pande zote mbili linapanda juu kiasi kwamba ukingo wa paa wa futi tatu unalizuia. Upande wa kusini mashariki ukingo tuliuongeza hadi futi nne, kwa kuwa mvua ya kusi hainyeshi kwa kushuka, inanyesha kwa kulala. Ramani tuliyonunua mwanzo ilikuwa na vyumba vya kulala magharibi na ukingo wa futi moja. Ni nzuri kwa karatasi.

Ramadhani ya 2024 iliingia wiki ya pili ya Machi, paa likiwa limeshakaa. Mafundi walifanya kazi nyepesi za ndani, alfajiri hadi saa nne. Aprili mvua ya mwaka ilipokuja, ilinikuta ndani, nikimshikia fundi wa umeme taa. Mwaka ule ufunguzi wa shule ulisogezwa mpaka 13 Mei kwa ajili ya mafuriko nchini, nikapata wiki mbili zaidi. Nilizitumia zote chini ya bati, nikisikiliza. Tulikuwa tumeunganisha mfereji wa paa na tangi la lita 5,000. Hesabu yake nawapa wanafunzi wangu kila mwaka: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita 90 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa Mei ni ya asubuhi moja, inatupa lita 900. Plasta yote ya ndani ilipigwa kwa maji hayo, matamu, ya bure.

Milango niliikosea. Tuliining'iniza Machi, mbao zikiwa kavu, imekaa kwenye fremu kama kidole kwenye pete. Mei ikafura. Mlango wa mbele, wa mbambakofi, haukufungika kabisa. Fundi seremala alitaka kuuranda pale pale. Nikamzuia, nikamwambia tungoje Agosti. Agosti ulifungika wenyewe, ukahitaji kuguswa kidogo tu kwa chini. Tungeuranda Mei, Januari ungekuwa na mwanya wa kupita panya.

Rangi ya ndani ilingoja mpaka Septemba. Watu walinisema sana kwa hilo. Lakini ukuta wa jiwe la matumbawe uliopitia mvua ya mwaka una maji mengi ndani yake kuliko unavyoonyesha. Nilibandika kipande cha polithini ukutani kwa utepe, pande zote nne, jioni, na kukitazama asubuhi. Juni kilikuwa na matone ndani. Julai kilikuwa na ukungu. Katikati ya Septemba kilikuwa kikavu. Siku hiyo nikanunua rangi. Tulihamia Desemba, wiki ya pili, na bibi akaletwa kwa tuktuk kutoka mjini, akakaa barazani, akageuza uso mashariki akafumba macho. Akasema, "Naam. Wapita."

Leo nikiandika ni Agosti, shule zimefungwa, na kuna jambo moja ambalo halijaisha. Kwenye pembe ya kusini magharibi, juu ya dirisha la stoo, kuna ufa. Niliuona Februari mwaka huu. Unaingia ukucha. Fundi alikuja akautazama, akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akataka kuuziba siku ile ile. Nikamwomba asiuzibe. Nadhani ni ule udongo, unasinyaa kiangazi na kufura mvua, na pembe ile ndiyo iliyo karibu na mwembe, unaonyonya maji yake. Kama ni hivyo, utafunguka na kujifunga kila mwaka, na dawa yake ni kuuongoza unyevu wa pembe ile, si simiti. Kama unakua tu, basi ni jambo jingine na nitamwita mhandisi. Nimechora kwa penseli mistari miwili kando ya ufa, na kila mwezi napima kati yake kwa rula ya darasani, naandika tarehe ukutani. Februari milimita 3. Aprili 2. Juni ulikuwa umejifunga, sikuona mwanya wa kupima. Jana asubuhi, baada ya wiki tatu bila mvua, nusu milimita.